Magugu ya Lukia

Watu wanadhani PhD ni kukaa darasani. Lukia darasani haingii kabisa. Mimi ndiye ninayempandisha na bodaboda kutoka Makanya mpaka kwao Suji, na akifika anakaa kwenye magugu anahesabu nyuki.

Chuo kilimpa msimamizi, wakakubaliana swali: mkulima akiacha magugu pembeni ya shamba, nyuki wa porini wanayasaidia maharage kiasi gani? Kamati ya chuo ikapitisha andiko lake la utafiti. Baada ya hapo hakuna mwalimu wa kukuamsha. Unakusanya data, unaandika kitabu, halafu maprofesa wanakuweka kati wanakichambua mpaka waridhike. Bila data huna cha kutetea.

Basi kwenye mashamba ya ukoo akaacha vipande viote magugu hadi kiunoni. Shangazi yake Dorkas alikuwa akimwambia, "Hata wakikuita daktari, shamba hili litakukosesha mume." Lukia anacheka, anaendelea kuhesabu.

Siku moja alienda chuoni kueleza kazi ilipofikia. Huku nyuma ukaitishwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kuzibua mfereji. Walipomaliza, mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kitongoji, akawaambia mtoto wetu kasoma mpaka shamba limemshinda, twendeni tumsaidie. Wakafyeka, wakachoma, wakamwekea na matuta.

Nilimrudisha mimi. Alishuka kwenye pikipiki, akakaa chini palepale barabarani. Mzee Eliufoo akaja anatabasamu, anasubiri shukrani. Nikaanza kumtolea maneno. Lukia akanishika mkono.

"Wewe nyamaza. Maprofesa niliwaeleza kila kitu. Hawa niliwaomba ardhi tu."

Akamwamkia mzee, akamweleza taratibu magugu yale yalikuwa ya nini. Uso wa mzee ukanywea.

"Kwa hiyo tumekufukuzisha chuo, mwanangu?"

"Sijui, baba. Bado sijui."

Akampigia msimamizi. Alisemwa sana, sote tukisikia. Kisha msimamizi akataka kujua kama kuna kipande kilichobaki. Mzee akasema vile vya juu ya mfereji hawakuvigusa, mvua iliwafukuza. Msimamizi akasema basi swali libadilike: nyuki wanafanya nini magugu yakifyekwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili? Ila hilo ni andiko jipya, lazima lirudi kwenye kamati, na kamati inaweza kukataa.

Tulisubiri mpaka nikawa naogopa kumuuliza. Jibu likaja tukiwa njiani, kwenye kona za kupandia Suji. Aliniambia nisimame, akasoma simu, akalia kidogo. Wamekubali, lakini kaongezewa mwaka, na data za zamani nyingi hazitumiki tena.

Tulipofika, mzee Eliufoo alisikiliza yote, kofia mkononi. Halafu akauliza safari hii wafyeke lini, na waishie wapi.

Lukia akachukua kamba, wakaenda wote wawili kupima mpaka.