Kuburuta Miguu Majini

Harufu ya papa mkavu ilifika nyumbani kwetu kabla ya lori lililomleta. Kila mwaka Ramadhani ilipokaribia, baba yangu, aliyekuwa na duka la nguo mjini Kisii, aliagiza kanda la ukili lililojaa papa kutoka pwani. Lilipanda treni hadi Kisumu, kisha likapandishwa vilimani juu ya magunia, likinuka chumvi, jua, na kitu kingine ambacho moyoni nilikiita bahari. Sikuwa nimeiona bahari. Niliijua kwa ngozi ile ya kijivu iliyokwaruza kidole kama msasa, na kwa maneno ya Bibi, mama mzaa baba, aliyemfuata mwanawe hadi kwenye baridi yetu. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, haoni zaidi ya mwanga wa mlango. Akichambua mchele kwa ncha za vidole, alinisimulia jinsi pweza anavyong'ang'ania mwamba, jinsi papa anavyonusa damu, na hasa habari za taa, samaki bapa kama chapati, anayejifukia mchangani na kumdunga kwa mkia yeyote anayemkanyaga. Hakukusudia kunitisha, alikuwa akikumbuka kwao kwa sauti. Lakini mimi, nikiwa na miaka tisa, niliamini kwamba maji yote ni mamoja, na kwamba kilichomo baharini kimo pia mtoni.

Kwa hiyo wasichana walipoteremka mtoni siku za Jumamosi kufua na kuoga, mimi nilifulia juu ya jiwe, miguu nimeikunja chini ya gauni. Wakanizoea hivyo. Ningebaki hivyo, kama Bibi asingemwambia baba, mvua ndefu zilipokwisha mwaka ule, kwamba amechoka na baridi na anataka kurudi Vanga kwa dada yake, na kwamba kabla hajafa anataka kuingia baharini mara moja tena.

"Nani atakushika mkono, mama?" baba aliuliza. Yeye mwenyewe hakuweza. Kwao wanawake huoga upande wao na wanaume upande wao, na mama yangu alikuwa na mtoto mchanga.

"Huyu," alisema Bibi, akageuza uso upande wangu bila kukosea.

"Huyu hata mto haukanyagi."

"Basi aukanyage. La sivyo mtanikalisha ufukweni kama gunia, nisikilize wenzangu wakioga."

Bibi akanifundisha palepale, sakafuni jikoni. Unapoingia majini usiinue mguu, uburute. Taa akisikia mchanga unatikisika huondoka mwenyewe, maana naye hataki kukanyagwa. Tulizunguka mafiga, yeye akiniegemea begani, tukiburuta nyayo kwenye majivu. Jumamosi iliyofuata nilishuka kwenye jiwe langu nikaingia mtoni vivyo hivyo, macho nimeyafumba, nikikokota miguu. Tope likainuka, mto mzima ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Upande wa chini wa mto kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akijaza mtungi wake.

"Nani huyo anachafua maji ya watu?" aliuliza kwa Ekegusii. "Wewe mtoto wa Waswahili, kwenu mnakunywa udongo?"

Kemunto, rafiki yangu, ambaye mama yake alituuzia maziwa, alicheka hadi akakaa majini. "Zuhura, unalima? Umesahau jembe."

Nilimweleza habari za taa. Akanisikiliza kwa makini, maana hakuwa mtu wa dharau, kisha akaingiza mkono chini ya jiwe, akatoa kaa mdogo, akaniwekea kiganjani. "Mwenye meno hapa ni huyu tu. Mtazame anavyotetemeka." Nilisubiri maumivu. Nilichosikia ni baridi na mtekenyo wa miguu myembamba, kisha kaa akaanguka na kutoweka. Tangu siku hiyo Kemunto alinishika mkono kila Jumamosi, akinifundisha kuinua mguu na kuushusha polepole, maji yasichafuke, hadi yakanifika kifuani. Woga haukuisha. Nadhani ulichoka tu, kama mimi.

Safari ya Vanga siikumbuki vizuri, isipokuwa kichwa cha Bibi kikinilalia begani ndani ya treni. Alfajiri ya pili baada ya kufika, wanawake walitupeleka upande wao wa ufuko. Bahari ilikuwa kubwa kuliko harufu yake. Nikaingia nikiinua miguu, kama Kemunto alivyonifundisha, na Bibi akanivuta mkono.

"Buruta, mjukuu wangu. Hapa si Kisii."

Tukaburuta pamoja. Maji yalipotufika magotini, mchanga ulijinyanyua mbele yangu, kitu kipana kikanigusa kifundo cha mguu, laini kama ulimi, kikaenda zake. Mwili wote ulitaka kukimbia. Lakini uzito wa Bibi ulikuwa wote kwenye mkono wangu, na kama ningekimbia angeanguka. Nikasimama.

"Amepita?" aliuliza.

"Amepita."

"Haya, twende." Akaenda hadi maji yakanifika kifuani, akachuchumaa yakamfika shingoni, akafumba yale macho yasiyoona. Mimi na baba hatukurudi naye Kisii, alibaki kwa dada yake.

Leo nafundisha chuo cha ualimu, na jioni narudi katika nyumba ileile. Mto umekuwa kijito kati ya mikaratusi. Hakuna msichana anayeogea pale. Kemunto aliolewa Gesima, na tukionana sokoni huzungumzia kiuno chake kinachouma na majani chai. Mimi namtunza mama, ambaye macho yake nayo yameingia ukungu, na ambaye hushtuka na kulia akiguswa ghafla. Ninamwogesha kila asubuhi kabla ya kazi. Wenzangu chuoni wamegundua kwamba natembea kama mtu aliyechoka, na ni kweli nimechoka. Lakini asubuhi nyumbani, nikifika ukumbini, beseni mkononi, naburuta kandambili kwa makusudi, hatua kwa hatua, mpaka nimsikie nyuma ya pazia akisema, "Ingia, nimekusikia."