Mkutano wa Walioshiba

Serikali ilitangaza, na tangazo likasomwa mbele ya watu wa Elburgon kofia zikiwa mikononi, kwamba kuanzia mwaka huo wa 1959 hakuna kampuni, kubwa wala ndogo, itakayowaficha wenye hisa jambo lolote. Kwamba wakurugenzi ni watumishi wa wenye hisa. Na kwamba jicho la Serikali halitalala mpaka kila kitu kiwe peupe. Aliyelisoma alikuwa Micah, karani kutoka Nakuru. Watu walipiga makofi, kisha wakaulizana kama mvua itanyesha.

Wachuka hakuuliza habari za mvua. Alikuwa mjane, muuza viazi, na hisa yake katika kampuni ya kinu cha unga aliipata kwa kumtoa ng'ombe wake wa pekee. Kampuni ilikuwa na injini mbili. Moja ilipelekwa kutengenezwa na haikuonekana tena, wanawake wakawa wanapanga foleni kinuni tangu jogoo wa kwanza. Wachuka alitaka injini irudi. Basi.

"Si uulize mkutanoni?" alisema Chepngeno, jirani yake, naye mwenye hisa.

"Mkutanoni nani ameshawahi kuuliza?"

Hapo ndipo penye kazi. Kila mwaka mkutano mkuu ulifanyika nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Hiram, na kabla ya neno lolote alichinjwa mbuzi. Wakishakula, Hiram aliuliza kama kuna mwenye neno. Nani angekosa adabu kiasi cha kumhoji mtu huku mafuta ya nyama yake yangali mdomoni? Wakurugenzi walirudishwa mwaka baada ya mwaka, bila kupingwa, watu wakichokonoa meno.

Wachuka alilala na wazo, akaamka likiwa limekua. Siku ya mkutano aliinjika sufuria kubwa ya githeri, mahindi kwa maharagwe.

"Leo tunaenda kwa Hiram tumeshiba," alisema.

Chepngeno alicheka hadi akaketi chini. Kisha akakimbia kwake, akarudi na kibuyu cha maziwa lala. Wenye hisa wakaanza kupitia hapo, na habari ikatangulia mbele yao kama moshi.

"Mama, ukiniongeza sahani hii sitaweza hata kunusa mbuzi wa watu," alisema Kosgei, mpasua mbao.

"Ndiyo maana nakuongeza, mzee."

Kwa Hiram, sinia ziliwekwa. Hakuna mkono ulionyooka. Micah, aliyekuja kusimamia sheria, alikuwa ameshanawa. Akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Karibuni, nyama inapoa," alisema Hiram.

Wachuka alisimama, moyo ukimwenda mbio kama kinu chenyewe. "Tumeshiba, bwana mwenyekiti. Injini yetu iko wapi?"

Kosgei naye akainuka, tumbo lake halina deni kwa mtu. "Hata mimi nimeshiba. Iko wapi?"

"Tumeshiba!" likaitika boma zima, na watu waliozoea kusinzia mkutanoni wakajikuta wamesimama, macho yamewatoka, kila mmoja akishangaa sauti yake mwenyewe.

Hiram alitazama nyama, akamtazama karani. Karani alitazama paa. "Iko Keringet, kwa shemeji yangu," alisema Hiram. "Inapumzika."

"Inapumzika ikisaga?" aliuliza Chepngeno.

Kicheko kilivunja mkutano. Ulipokusanywa tena, ikaamuliwa kila mtu apange mstari nyuma ya amtakaye awe mkurugenzi. Mstari wa Wachuka ulitoka langoni ukaingia kwenye kabeji. Nyuma ya Hiram alisimama shemeji yake peke yake, aliyekuwa amekuja kula mbuzi, na baada ya kufikiri kidogo, naye akasogea kando.

Injini ilirudi kwa lori la mbao. Wanawake waliikimbilia barabarani kwa vigelegele, Wachuka mbele, mkurugenzi aliyesahau viatu nyumbani.

Micah aliandika ripoti kwamba wenye hisa wa Elburgon wamepata haki yao chini ya uangalizi makini wa Serikali. Habari za Keringet hakuzigusa. Mama yake aliishi huko, na mahindi yake yalikuwa yakisagwa bure tangu mwaka uliotangulia.