Motokari Iliyokula Unga Wetu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akisafisha pikipiki yake uani, hapa Kilibula. Petroli kidogo ilikuwa imemwagika chini, na mimi kando yake nilikuwa nikichekecha unga wa muhogo. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu. Nikaweka chekecheke chini, nikakaa. Kijana akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba siumwi, nina wivu tu. Alicheka, akadhani ni maneno ya uzee. Lakini ninyi nawaambia ukweli: mtu wa umri wangu bado anaweza kuionea wivu motokari iliyooza zamani.

Ilikuwa ya mzungu mmoja wa pamba ambaye sisi watoto tulimwita Bwana Mashavu, na mashavu kweli alikuwa nayo. Aliirithi kwa marehemu baba yake. Katika miaka ile ya hamsini ilikuwa tayari imezeeka, ina taa mbili kubwa zilizotokeza mbele kama macho ya chura, na rangi yake ya buluu ilikuwa imefifia kwa jua na vumbi. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimpakia rangi mashine na milango yake. Siku moja Bwana Mashavu akapata habari kwamba kule Usumbura, mji wa ng'ambo ya ziwa, wazungu wangeonyeshana motokari zao za zamani, ndani ya jumba kubwa, chini ya taa za umeme. Akamkabidhi baba ile yake aitengeneze ing'ae.

Tangu siku hiyo baba hakuwa wetu tena.

Motokari iliwekwa kwenye depo ya pamba, maana mavuno yalikuwa yamekwisha kupelekwa na depo ilikuwa tupu. Baba alimwaga maji sakafuni ili vumbi lisiinuke. Kisha alifunga milango yote mchana kweupe, akawasha taa ya pampu, akafanya kazi humo na joto lote lile. Mama alipopata habari alipiga makofi kwa mshangao.

"Baba Feza! Batu benye akili banafungia jua inje, halafu banawasha taa muchana?"

"Bataiangalia kwa taa," baba akamjibu. "Jua iko inasamehe. Taa, hapana."

Baba hakuwa mtu wa maneno, na yale machache aliyokuwa nayo aliyamalizia kwenye depo. Alisugua rangi ile kwa msasa laini uliolowa maji, akaipaka dawa ya kung'arisha, akaifuta, akaanza upya. Jioni alirudi akinuka petroli, akakaa mlangoni akitazama mbali. Ukimwuliza jambo, alijibu lingine.

Halafu ikaja habari ya unga. Dawa ile iliacha mafuta kidogo juu ya rangi, na baba alijua kwamba unga mkavu wa muhogo, ukichekechwa mpaka uwe kama moshi, unayanywa mafuta hayo bila kukwaruza. Basi akaja kuchota kwenye kapu letu. Ulikuwa unga wa muhogo wa nyanya, mama yake mama, uliotoka Kiringye, mweupe, ule ambao mama aliuficha kwa ajili ya wageni. Jirani yetu Mama Sifa alimwona akiondoka na bakuli, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba motokari ya Bwana Mashavu iko inakula bugali. Watoto wenzangu waliniuliza kama inakula na samaki au na sombe ya majani ya muhogo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Unga ya batoto yangu!" mama alilia. "Hata mukewenza anangojaka bwana akule kwanza."

Mukewenza ndilo jina lililobaki. Mama hakuiita motokari tena. Na wivu wake ulipata moto kweli asubuhi alipomwona baba akivua pete ya ndoa kabla ya kwenda kazini.

"Unatosha pete ya padri juu ya kuenda kugusa ile?"

"Itakwaruza rangi," baba alisema.

"Na miye, haikunikwaruzaka?"

Baba alikuwa amekuja kuomba kitu kingine, maskini, na saa aliyoichagua ilikuwa mbaya. Alitaka kitambaa kilicho laini kuliko vyote nyumbani, cha kufutia unga mara ya mwisho. Mama akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na mbeleko yangu.

Niwaambie kuhusu mbeleko ile. Ilikuwa ya pamba, ya manjano zamani, imefuliwa ziwani mara nyingi hata ukiishika ilikuwa laini kama sikio la mwana-mbuzi. Mama alinibeba nayo mgongoni mimi peke yangu. Walionifuata walipata ya kwao. Alikuwa ameniahidi kwamba siku nitakapozaa nitambebea mtoto wangu humo. Sikuwa na kitu kingine duniani cha kuita changu.

"Shika," mama akasema. "Hii njo ilibeba mutoto yako. Uende upanguse nayo mukewenza, nione."

Nilimngojea baba aikatae. Niliitazama midomo yake. Aliipokea, akaikunja vizuri, akaiweka kifuani ndani ya shati, akaenda.

Siku ile sikula. Mchana nikaenda depo peke yangu, nikaosha miguu kwenye ndoo ya mlangoni kama alivyotaka kila mtu aoshe, nikachungulia kwenye ufa. Taa ilikuwa ikivuma. Motokari ilikuwa imekuwa buluu iliyokolea, kama ziwa pale kwenye kina, na mwanga wote wa taa umelala juu yake bila kukatika. Baba alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Alifumba macho, akaugeuza mkono, akaupitisha mgongo wa vidole vyake juu ya bawa la gurudumu, polepole, akishika pumzi.

Sikukumbuka baba kunigusa hivyo hata siku moja. Mimi alinigonga kichwani kwa kidole nikichelewa kuteka maji. Nilisimama pale nikiichukia motokari ile kwa moyo wangu wote, nikarudi nyumbani bila kubisha hodi.

Ilikwenda Usumbura imefunikwa mashuka, baba naye ndani yake. Aliporudi alituambia neno moja tu, kwamba watu walijiona humo kama kwenye kioo. Mama akaweka bugali mezani. Baba akaomba kijiko. Tukatazamana. Alikula kwa kijiko siku hiyo na siku zilizofuata, na mimi nikajisemea kwamba ndiyo hivyo, amelala Usumbura na motokari, amekuwa mzungu.

Usiku ule aliporudi, aliirudisha mbeleko. Ilikuwa safi kama ilivyoondoka, bila doa la dawa wala chembe ya unga. Ila pembe moja ilikuwa imefungwa fundo, na mama alipolifungua, pete ya padri ikaangukia mapajani mwake. Mama aliivaa kwenye kidole gumba, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mama amepata pete yake. Motokari imepata mikono ya baba. Na mbeleko yangu, niliyoililia hivyo, hata kufuta gari imeonekana haifai!

Nilibeba uchungu huo mpaka nikaolewa, msinicheke.

Nilipozaa mtoto wa kwanza, baba alikuja kumwona. Nilikuwa nimembeba ndani ya mbeleko ileile. Mama, aliyekuwa amekuja kunihudumia, alikuwa jikoni akisonga, akamwita aonje, na baba akalishika donge la moto kwa vidole vyake bila kushtuka. Ndipo kile kijiko kikanirudia. Nikamwuliza mama kwa nini baba alikula kwa kijiko zamani zile.

"Viganja vyake viliisha ngozi," mama akasema. "Unga ule wote aliupangusa kwa mikono. Hakukuambiaka?"

Hakuniambia. Baba alinawa, akanisogelea, akafumba macho. Akaugeuza mkono, akaupitisha mgongo wa vidole vyake kwenye shavu la mtoto, polepole, akishika pumzi. Nikatafuta utani wa kujificha.

"Baba, huyu si motokari."

"Najua," akasema, bila kufumbua macho. "Nilijifunzia kwako. Motokari ilikuja nyuma."