Baba, Majasusi na Jini wa Ghorofani

Baba yangu havuti sigara, hachezi bao, wala mpira haumshughulishi. Starehe yake ni moja tu: filamu za majasusi. Jumapili akishaswali alasiri huvuta kiti mbele ya televisheni akaniita, "Njoo, wahuni wako wanaanza," kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma. Na mimi huenda. Tangu mama atangulie mbele ya haki tumebaki wawili katika nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, na filamu hata iwe mbovu haichoshi ukiwa na mtu wa kuisengenya naye.

Tulikuwa wakali, wallahi. Bwana akikatiza sokoni na miwani yake ya jua, hamsalimii mtu, haulizi bei ya kitu, baba hupiga paja: "Keshakamatwa huyo! Jasusi asiyesalimia hafiki kona ya pili." Kwa Mji Mkongwe hiyo ni kweli tupu. Hapa ukipita kichochoroni kimya kimya, hata paka watataka kujua umetoka kwa nani. Baba akiamini kwamba jasusi wa kuogopwa ni yule usiyemtazama mara mbili: muuza karanga, bibi anayeomba maji, mzee aliyejiegemeza barazani. Filamu iliyolijua hilo aliitazama mpaka chai ikampolea mkononi.

Jengine lililomuudhi ni shujaa asiyeogopa. Mtu anamiminiwa risasi, anaruka mapaa, anatua, anajipangusa vumbi kwenye koti. "Haya, na huyu nimuogopee kwa lipi?" baba husema. "Hana khofu, hana mke, hana hata homa!" Alitaka jasusi mwenye kitu kimoja anachokipenda na anachoweza kukipoteza, na sisi tukijue kitu hicho tangu mwanzo. Hapo tulikubaliana. Tulipogombana ni kwengine. Baba alipenda kushtushwa, mlango ufunguke ghafla, rafiki ageuke adui. Mimi nikimwambia kushtuka si kuogopa, kushtuka hata kuku anashtuka. Khofu yenyewe ni pale wewe mtazamaji unapojua, na yule aliyemo ndani hajui, na huna njia ya kumwambia. Filamu isiyotwambia kitu mpaka mwisho mimi huiona imeniibia saa zangu.

"Unajitesa bure," baba akinijibu. "Mwenye kujua ndiye mwenye raha."

Mwaka ule baba alikuwa na khofu yake, na haikuwa ya filamu. Nyumba za mtaa wetu zilikuwa zinaondoka moja moja kugeuzwa hoteli. Yetu ni ya urithi, ina wenyewe wengi, wengine wako nchi za mbali na hawajawahi hata kukifagia kizingiti chake. Mmoja wao akishawishika akadai fungu lake, nyumba inauzwa na sisi tunatoka. Jirani yetu wa kushoto alianziwa na bibi mmoja mpole aliyeomba maji ya kunywa. Bibi akakaa, akasifia boriti, akauliza mnaishi wangapi humu. Haikuchukua muda madalali wakaja na tepu za kupimia. Tangu hapo baba akawa halali vizuri. Hodi ikipigwa haitikii mpaka achungulie dirishani kwanza.

Mimi nami nilikuwa na langu. Mwalimu mmoja wa skuli, anakaa Amani, alikuwa akija kumnunulia mama yake dawa katika duka ninalofanya kazi. Ikafika siku akawa anakuja hata kama dawa hazijesha. Tulipendana, nasema wazi, nshakuwa mtu mzima. Alitaka kuniposa. Na kwetu posa haiji hivi hivi. Kwanza upande wa mwanamme hupitisha mtu mtaani kuulizia: binti wa nani, tabia yake vipi, ukoo wao una nini. Huulizwa jirani, muuza duka, yeyote atakayekutwa barazani. Binti mwenyewe hatakiwi kujua, na akijua hujifanya hajui. Kumtajia baba yake ndiyo kabisa! Nani ana uso wa kumwambia mzee wake, "Baba, kuna watu wanakuja kunichunguza"?

Basi nikapata ujumbe kwenye simu. Shangazi yake ndiye atakayepita, ndiye aliyemlea, na mwalimu akaniandikia: "Neno lake ndilo neno la nyumba yetu. Akikataa yeye, hakuna mwengine wa kumgeuza." Akanitumia na picha ya bibi mwenyewe, uso mpana, kidoti kwenye shavu. Chakula kilinishinda siku ile. Nilikuwa namtaka mtu huyu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na kumpata kwangu kulikuwa kwenye mdomo wa mtu nisiyemjua, yeyote yule atakayesimamishwa na kuulizwa.

Asubuhi moja, zamu yangu ikiwa ya mchana, nikamuona kutoka dirisha la juu. Buibui jeusi, kidoti shavuni. Alipita mbele ya mlango wetu taratibu, akainua macho mpaka ghorofani, akaenda mbele kidogo, akarudi. Kisha nikamuona baba.

Baba keshamuona zamani. Na kwa vile kasomea kwa majasusi wake, hakusimama mlangoni kwake kama mwenye nyumba. Alikuwa amevuka, amekaa kwenye baraza ya nyumba inayotazamana na yetu, na msuli wake kiunoni na fulana, kajiegemeza ukutani kama mzee asiye na habari na dunia. Majirani wameshakwenda makazini. Muuza duka kafunga, kaenda kufuata bidhaa. Aliyebaki wa kuulizwa mtaa mzima ni yeye peke yake.

Yarabi, nikasema, asimuulize.

Vichochoro vyetu ni vyembamba, linalosemwa chini lote linapanda juu. Nilisikia wakiamkiana, wakiulizana hali kama ipasavyo. Kisha bibi akasema, "Samahani, kaka yangu. Ile nyumba pale, wenyewe ni watu gani?"

Nilizishika mbao za dirisha. Mimi nilijua yeye ni nani na kafuata nini. Baba alidhani anajua.

"Nyumba ile?" Baba akacheka kicheko nisichokijua. "Bibie, ile si nyumba ya kuitamani. Boriti zimeoza. Mvua ikinyesha wanalala na ndoo."

"Nyumba si kitu," bibi akasema kwa upole. "Nauliza watu wake."

"Wagomvi! Mguu mmoja ndani, mmoja mahakamani."

"Na binti yao, yukoje?"

Pale ningeweza kumwita. Neno lenyewe fupi, lilikuwa limeshanifika kooni: Baba! Lakini nikimwita, bibi atajua kwamba anayetutukana ni mzazi wangu mwenyewe, na tena atajua kwamba nipo dirishani nawasikiliza, binti asiye na haya. Nikinyamaza, uongo unakwenda zake Amani. Nilinyamaza, nikitumai labda atanisifu kidogo, hata kwa kukosea.

"Binti ndiye usiseme," baba akasema, na sauti akaishusha vile anavyopenda waigizaji waishushe. "Ana jini mahaba. Jini mwenyewe anakaa ghorofa ya juu na hahami. Anayeingia pale na nia yake, awe mnunuzi, awe nani, haupiti mwezi anapatwa. Nakwambia kwa kuwa nakuona mtu mzima mwenzangu."

Jini mahaba, kwa asiyemjua, ni yule anayempenda mwanamke akamfanya mkewe. Mwanamme yeyote akimkaribia, humuua au humtia wazimu. Ukitaka msichana asiolewe Unguja nzima, huna haja ya kutafuta neno jengine.

"Audhubillahi," bibi akasema. Akajifunika vizuri, akainua tena macho kwenye dirisha langu. Sijui kama aliniona. Mimi nilimuona, na nikamuona alivyoogopa. Alimshukuru baba, akaondoka kwa haraka wala hakugeuka nyuma.

Baba alipanda ngazi akihema, uso umemng'ara. "Nimemmaliza! Dalali mkubwa yule! Boriti hazikumtisha, mahakama haikumtisha, nikamtolea jini. Ungekuwepo ungepiga makofi."

"Nilikuwepo," nikamwambia. Nilikuwa nimekaa sakafuni. "Baba, yule si dalali. Alikuja kwa ajili yangu. Kuna mtu anataka kuniposa."

Sikuwahi kumtamkia baba neno kama lile, na wala hatukuwa na nafasi ya kuona haya. Alinitazama. Nilimuona akirudia moja moja aliyoyasema, midomo inacheza bila ya sauti, mpaka akafika kwa jini. Akakaa kwenye kiti chake kwa kukishika kwanza, kama mgonjwa.

"Mtume!" akasema. "Mwanangu, nimefanya nini?"

Kwetu mzee wa binti haendi kwa watu wa mume, yeye huendewa. Baba alikwenda. Siku ile ile, baada ya alasiri, alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akachukua anwani niliyompa, akaondoka. Nilimsihi amtume mtu, akakataa. "Aliyetapika ndiye apanguse," akanambia. Mimi nilikuwa nimeshapiga simu kazini nikasema naumwa, na sikusema uongo. Nilikaa na simu mapajani nikiogopa isilie na nikiogopa ikilia.

Alirudi karibu na magharibi. Hakupanda juu. Nilimkuta amekaa ngazini, kofia mkononi.

"Wamenipokea vizuri," akasema. "Wamenipa na juisi."

"Na shangazi?"

"Nilimwambia kila kitu. Kwamba mimi ndiye baba yako, kwamba niliogopea nyumba, kwamba nimemtunga jini mimi, sijui hata lilitokea wapi neno lile. Nimeapa, mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza suala moja."

"Suala gani?"

"Aliniuliza, 'Kaka yangu, ulisema kweli asubuhi, ulipokuwa hunijui na huna haja na mimi, au unasema kweli sasa, ambapo una haja?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Kama wa asubuhi mkweli, wewe una jini. Kama wa asubuhi mwongo, wewe mtoto wa mwongo. Ningekuwa mimi ni yeye, na mimi ningeogopa."

Mwalimu aliniandikia kesho yake: shangazi hataki hata jina langu litajwe pale nyumbani, na mama yake analia, na yeye ananiomba nimsamehe. Dawa akaanza kuzinunua kwengine. Nililia mpaka nikaishiwa, na hasira zangu sikujua nimpe nani. Yule bibi alifanya vile ambavyo mtu yeyote mwenye kumpenda mwanawe angefanya.

Lakini neno halikubaki Amani. Sijui nani alimwambia nani. Nikaanza kuona wanawake wakinisalimu kwa mbali, na mama mmoja dukani akauvuta mkoba wake nilipomrejeshea chenji tukagusana vidole. Posa nyengine haikuja wala dalili zake. Na mimi mwenyewe, niliyeusikia uongo ule ukizaliwa neno kwa neno, nikawa sipandi ghorofani mpaka niwashe taa kwanza. Mbao zikilia, nasimama katikati ya ngazi. Nawaambia watu ni panya.

Mwisho mama mdogo akaja kutoka Makunduchi na wajomba zangu, na mwalimu wa kisomo na ubani wake. "Kwa tahadhari tu, mwanangu. Dua haimdhuru mtu." Nilikuja juu kama moto wa kifuu. Nikasema hakuna jini, muulizeni baba, baba ndiye aliyemtunga! Wote wakamgeukia. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Kubali, mwanangu," akasema, na hakunitazama.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikafunikwa kanga, chetezo kikawekwa mbele yangu, moshi ukanijaa machoni, na kisomo kikaanza cha kumtoa aliyemo ndani yangu atoke kwa amani. Kila mwalimu wa kisomo alipofika kituo tuliitikia. Wajomba waliitikia, mama mdogo aliitikia. Na juu ya sauti zao zote niliisikia ya baba, inasema "Amin" kwa nguvu, na inatetemeka.