Mama Yangu Alilala Chumba cha Boi

Dada aliyetuletea kisa hiki ametuomba tusitaje jina lake wala namba ya nyumba yake. Wasomaji, msikilizeni kabla ya kumhukumu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, nimeolewa ng'ambo ya mpaka, Tororo. Mume wangu ni karani, mtu wa Mulanda. Mwaka jana alipandishwa cheo, tukapewa nyumba katika ule mtaa wenye miti mingi chini ya ule mwamba mkubwa wa mji. Kabla ya Uhuru walikaa mle Wazungu peke yao, na Mwafrika alipita mle akiwa na fagio au sinia. Sasa tumo sisi, lakini desturi zao tumezirithi pamoja na viti: michongoma ikatwe sawasawa, kuku marufuku, mahindi marufuku, chai saa kumi barazani. Mimi niliyekulia kwenye shamba la wimbi na mtama nilijifunza haraka, nikajiona nimefika.

Nilipojifungua, mama akaja kunisaidia na mtoto. Wenzangu wa kwetu mnajua: mama hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Ni mwiko. Mume wangu, ambaye akimwona mama kwa mbali hupisha njia, akakipaka chokaa chumba cha boi kule nyuma, walikolala watumishi wa Wazungu, maana sisi boi hatuna, akanunua na kitanda kipya. Mama alifurahi kweli. "Mkwe wangu ananiheshimu," alisema.

Majirani hawakuiona hiyo heshima. Waliona mwanamke mzee, miguu mitupu, anatoka chumba cha boi asubuhi na kufagia maua ya jakaranda. Jirani yangu, mke wa mkubwa wa mume wangu, akaniambia tukiwa uani, "Huyu yaya yako nafanya kazi mzuri. Ulitoa yeye wapi?" Nikasema, "Busia." Neno moja tu, tena la kweli. Ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Wiki hiyo majirani walikuja kunywa chai na kumwona mtoto. Jirani akapaza sauti, "Yaya, leta maji moto!" Mama alinitazama. Mimi nikatazama kikombe changu. Akaenda, akaleta, akamimina bila kumwaga hata tone. Mwingine akaniuliza, "Na mama yako nakuja lini kuona mjukuu?" Mama ndiye aliyejibu, sinia mkononi: "Atakuja. Mama yake anampenda sana."

Kesho yake alifunga mzigo wake akaondoka. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

Mume wangu hajui kitu, anadhani mama alikumbuka shamba lake. Jumapili ijayo tunabatiza mtoto, majirani wote wamealikwa, na mume wangu amemtumia mama salamu aje akae mbele, ampakate mjukuu. Nikisema kweli, nitamwaibisha mume wangu mbele ya mkubwa wake, na atajua nilivyoigeuza ile heshima yake kuwa aibu. Nikinyamaza, mama ataingia tena kwa mlango wa nyuma, au asije kabisa. Naona haya hata kumtazama mtoto.

Jana mwanamke anayeleta samaki kutoka Busia alinifikishia jibu la mama: "Mwambie binti yangu nitakuja. Lakini anijulishe kwanza, nije kama nani?"

Ndugu wasomaji, nishaurini. Mama anasubiri jibu, na yule mama wa samaki anarudi kesho.