Kigingi cha Lameki

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikisahau mengine yote. Nilikuwa bado mbichi, usicheke, meno yote yalikuwepo. Walikuja kutupanulia njia hapa Kiwalani, watuwekee lami na mtaro. Mpima wao, kaka mmoja wa bara anaitwa Lameki, akapigilia kigingi chekundu palepale ninapochomea vitumbua. Akaniambia taratibu, kama anayemsomea mtu dua, "Mama, hiki kisiguswe. Maji yatapita hapa."

Nikamwambia sawa baba. Alipokwenda kula, nikaking'oa, nikakichomeka hatua tatu upande wa jirani yangu Bi Zuhura, fundi cherehani. Nikajiambia hatua tatu ndo nini.

Mafundi wakafuata kigingi, wakachimba, wakamwaga zege. Mvua ya kwanza tu, mtaro ukamtapikia Bi Zuhura ndani. Vitambaa vya watu vinaelea kama samaki.

Tukaitwa mkutanoni. Bosi wa mradi, tumbo mbele, akakohoa: "Inaonekana, eeh, kigingi kilisogea." Mjumbe wetu naye, kwa pua: "Kweli mheshimiwa, kilisogea." Na mie, kwa sauti hii hii unayoisikia, nikasema kilisogea.

Bi Zuhura, kavaa khanga ya kuazima, akauliza kwa upole, "Kwani kina miguu?"

Watu wakacheka. Mie nikacheka kuwashinda.

Lameki hakucheka. Zege lote likavunjwa, yeye akaambiwa kapima vibaya, kazi hana. Akapita kwangu na begi lake. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikageuza kitumbua.

Wiki mbili nikawa sili vizuri. Nikaenda kwa bosi, nikamwambia mie ndo nilikisogeza. Akasema, "Bibi, hiyo ishu ishaisha, kijana karudi kwao." Kwao wapi, hakuna aliyejua. Bi Zuhura nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini Lameki, kama yu hai, mpaka leo anaamini hajui kupima.

Basi wewe uliyesoma, unayechorea watu barabara, ukiharibu usiseme imeharibika. Sema nimeharibu. Na useme siku hiyohiyo, aliyebebeshwa kosa lako akiwa bado kasimama mbele yako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu, asikuonjeshe hili la kutafuta mtu wa kumwomba radhi ukamkosa. Na huko aliko Lameki, ampe kazi yenye heshima.