Vimiguu Tisa vya Shaba

Nakumbuka siku moja ya wiki ya Krismasi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipokuwa nimepiga magoti katika ukumbi mdogo wa usharika kwetu Machame, bisibisi mdomoni, ukoo mzima umenizunguka, na kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu imekataa katakata kuwaka.

Mwanangu, nikwambie kwanza mimi ni nani, maana kuanguka hakueleweki mpaka ujue mtu alikuwa amepanda wapi. Mimi nilikwenda India bila mjomba serikalini na bila barua ya mkubwa yeyote. Niliosha vyombo vya watu, nikalala chumba kimoja na wenzangu sita, nikarudi na diploma ya ufundi wa kompyuta yenye mhuri mwekundu. Mpaka leo iko ukutani sebuleni kwangu, na mgeni akishaniamkia mimi humwonyesha na hiyo. Sioni haya. Aliyelima mwenyewe haogopi kuonyesha shamba.

Nilirudi na vipande vya kompyuta nimevifunga ndani ya sweta kama mayai. Baba yangu alikuwa amenisubiri miaka mitatu, huku watu wakimwambia, "Mwanao ameshapotelea ng'ambo, pole sana." Basi Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kwangu alisimama kanisani, mtu asiyependa kusimama mbele ya watu, akasema kwamba vijana waliomaliza kidato cha nne watafundishwa kompyuta, na kwamba mwanawe ataiwasha mashine yenyewe mbele yao siku ya pili ya Krismasi, saa nane mchana, mchungaji akija kuiombea. Akakaa. Baba hakuwa na mali nyingi, lakini neno lake halikuwahi kurudi mikono mitupu. Safari hii aliliweka mikononi mwangu.

Asubuhi ya siku hiyo nilianza kuunda. Nje mbuzi alikuwa anachunwa, kwa kuwa Desemba Mchagga hurudi nyumbani, na watu wakirudi nyumbani mbuzi hapati nafasi ya kuzeeka. Mchinjaji wa ukoo wetu alikuwa Baba Mkubwa Eliufoo, kaka yake baba, ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi wa mashine za mkono za kumenyea kahawa. Kila baada ya muda alikuwa akinawa mikono, anaingia, anasimama nyuma yangu kutazama ninachofanya.

Nikaulaza ubao mkuu wa kompyuta ndani ya kasha la bati, nikaukaza skrubu vizuri. Kijitabu cha maelekezo nilikuwa nimekikunja chini ya meza, kwani mguu mmoja ulikuwa mfupi, na mtu mwenye diploma asome kijitabu cha nini? Nilipomaliza, kwenye mfuko wa nailoni vilibaki vimiguu tisa vya shaba, vidogo kama punje za mahindi.

"Hivi vinakwenda wapi?" akauliza Baba Mkubwa.

"Ni vya ziada, Baba Mkubwa. Viwanda vya wenzetu huweka vya ziada."

Akakichukua kimoja, akakiuma kidogo kwa jino. "Hii ni shaba. Nani anaweka shaba ya ziada?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa na pembe. Nilisema, "Baba Mkubwa, wewe endelea na mashine za kahawa. Hii inataka diploma. Vichukue tu, huenda vikakufaa." Nikammiminia vyote tisa kiganjani mbele ya watu, kama mtu anayempa mtoto pipi anyamaze.

Baba akatazama viatu vyake. Baba Mkubwa alifungua kikebe chake cha ugoro, akavitia humo, akakifunga taratibu. "Ahsante, mhitimu," akasema, akarudi kwa mbuzi wake.

Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka nusu, kama ng'ombe aliyetaka kugeuka akaghairi, ikasimama. Nikabonyeza tena. Nusu, kimya.

Nilisema ni umeme, nikahamisha waya kwenda soketi ya jikoni. Nusu, kimya. Nilisema ni kadi ya kumbukumbu ya mashine, nikaichomoa, nikaisugua kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa, nikairudisha. Nusu, kimya. Nikasema ni vumbi. Nikapuliza mpaka kichwa kikaniuma. Mwisho nikatangaza kwamba mashine hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya baridi ya mlimani.

Shangazi Ndeshi, dada yake baba, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. "Inaona baridi?" akasema. "Maskini. Niiletee blanketi, au tuikalishe karibu na moto tuipe uji?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikwenda dirishani kuangalia barabara ya mchungaji, akarudi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Itawaka, mwanangu?" Nikamjibu, "Itawaka, baba." Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia tangu nirudi.

Ilipofika saa saba na nusu, Shangazi aliweka kisu chini. "Umeshamaliza kuulaumu mlima? Kuna mtu mmoja humu alikuuliza swali ukamtukana. Toka nje ukachume sale."

Unajua jani la sale, lile la kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu ukamletea sale, hana budi kukusikiliza, na ukiletewa huwezi kuligeuzia mgongo. Nikachuma. Nikapita katikati ya binamu zangu wote waliotoka Dar na Arusha, mhitimu mzima na jani mkononi, nikapiga goti mbele ya Baba Mkubwa aliyekuwa anagawa nyama kwenye majani ya mgomba.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimekosa."

"Marahaba." Akalipokea jani, akaliweka begani, akaendelea kukata. Kisha akasema, "Tazama. Kidari hiki cha nani?"

"Cha mzee wa ukoo."

"Na hiki?"

"Cha shangazi."

"Umewahi kuona nikimaliza kugawa, kipande kikabaki, nikasema ni cha ziada?"

"Hapana."

"Kikibaki, ujue yuko mtu hajapewa. Mbuzi hana cha ziada, na mashine za kahawa hazina. Hiyo yako ina mtu wake hajapewa, ndiyo maana imenuna."

Akatoa kikebe, akavihesabu vimiguu kiganjani mwangu, vimejaa ugoro. Vilikuwa saba.

"Na viwili, Baba Mkubwa?"

"Viko kwenye mashine ya kahawa ya shangazi yako tangu asubuhi. Si uliniambia vitanifaa? Vimefaa."

Nilikimbia. Nilikivuta kijitabu chini ya meza, meza ikayumba, na ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na picha ya vimiguu vile. Kazi yake ni kuuinua ubao usiguse bati. Mimi nilikuwa nimeulaza juu ya bati, umeme ukawa unapita pasipo pake, na mashine, yenye busara kunizidi, ilikuwa inajizima kujiokoa. Nikafungua kila kitu huku napiga chafya za ugoro, nikaweka vimiguu saba, vikatosha kuuinua ubao, nikaufunga upya. Mchungaji aliingia nikiwa nakaza skrubu ya mwisho.

Nikabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Mashine ikalia "pip!" na maandishi meupe yakajipanga kwenye kioo.

"Pip tu?" akasema Shangazi. "Siku nzima kwa ajili ya pip?"

Lakini baba alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anasoma maandishi asiyoyaelewa, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Jioni Baba Mkubwa aliniita. Kwenye jani la mgomba kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha paja. "Wenzako wamekula wote," akasema. "Hiki kilibaki. Ningesema ni cha ziada ningewapa mbwa. Kula, mhitimu."

Mwanangu, nimeunda kompyuta nyingi tangu siku ile, na duka langu pale Moshi mjini unalijua. Lakini nasaha yangu haikutoka India. Ukimaliza kazi ukaona kitu kimebaki mezani, usiseme ni cha ziada. Uliza ni cha nani. Soma kijitabu kabla hujakipa kazi ya meza. Na hivyo hivyo kwa watu: siku ile kabla sijaona vimiguu ni vya ziada, nilikuwa nimeshamwona Baba Mkubwa ni wa ziada, na mdharau mwiba mguu huota tende. Ukimkosea mkubwa wako, chuma sale mapema, usingoje mchungaji afike mlangoni.

Ruwa, Mungu wetu Wachagga, akupe mikono yenye ufundi na masikio yanayoizidi mikono. Akujalie neno la baba yako lisianguke ukilibeba. Na kila ukoo wako unapogawana, fungu lako likutwe kwenye jani, likikungoja.